Na Mwenzake Yuko Wapi?

Katika Museum of Fine Arts, jumba la makumbusho ya sanaa mjini Boston, kuna mchoro wa mvuvi mmoja anayerudi merikebuni. Aliuchora Winslow Homer mwaka 1885, kwa rangi za mafuta, na Wamarekani wanaujua kwa jina la The Fog Warning, yaani Onyo la Ukungu. Mvuvi ameketi katikati ya dori, mashua ndogo ya mbao yenye sakafu bapa, ameshika makasia mawili. Kwenye tezi wamelazwa halibuti, samaki bapa wa maji baridi. Ni kama gayogayo wa kwetu, ila halibuti anaweza kumshinda mtu mzima kwa uzito. Omo imeinuka juu ya wimbi. Mvuvi amegeuza shingo, anatazama juu ya bega lake kule mbali ambako merikebu yake inaonekana ndogo, na nyuma yake ukungu umeshaanza kusimama kama moshi wa shamba linalochomwa.

Swali ambalo karibu kila mtazamaji huondoka nalo ni moja: atafika? Mimi nilisimama mbele ya mchoro huo Oktoba iliyopita nikiwa na swali jingine. Sikulitunga mwenyewe. Nililipata kwa rafiki yangu, siku nilipomsomea nilichokuwa nimeandika kuhusu asubuhi moja baharini, na tangu siku hiyo sijaweza kuutazama mchoro wa Homer, wala kusoma simulizi ya mtu aliyenusurika, bila kulirudia. Nitaeleza lilivyonifikia. Lakini kwanza niutendee haki mchoro, kwa sababu ni mzuri, na uzuri wake ni sehemu ya hoja yangu.

Mpiga makasia huketi akiipa mgongo safari yake. Hili ni jambo dogo ambalo asiyewahi kupiga makasia hulipita, na Homer hakulipita. Muda wote mvuvi huyu anachokiona ni samaki wake. Anakokwenda hakuoni mpaka ageuze shingo, na akigeuza shingo mkono unapoteza nguvu. Mchoraji amemkamata katika nukta hiyohiyo, makasia yakiwa nje ya maji, shingo imegeuka, kazi imesimama kidogo ili apime umbali. Ukitazama vizuri utaona kwamba mbele ya macho yake kuna faida na nyuma ya mgongo wake kuna uhai, na kwamba hiyo faida ndiyo inayoifanya dori iwe nzito. Wavuvi wa merikebu za Gloucester, bandari kubwa ya uvuvi ya Massachusetts wakati huo, hawakuwa watu wa mshahara wa mwezi. Walipata mgawo wa mauzo ya samaki. Kuwatupa hao halibuti baharini ili mashua iwe nyepesi kungekuwa kutupa chakula cha nyumbani.

Homer mwenyewe aliuonyesha mchoro huu kwanza kwa jina la Uvuvi wa Halibuti. Jina la Onyo la Ukungu lilifuata. Jina la kwanza linatuelekeza kwenye tezi, la pili linatuelekeza kwenye upeo wa macho. Naona la kwanza lilikuwa bora. Ukungu unajitangaza wenyewe, hauhitaji msaada wa jina. Samaki ndio wanaohitaji kutazamwa mara ya pili, kwa kuwa ndio wanaoeleza kwa nini mtu mwenye akili timamu bado yuko kule nje.

Sasa asubuhi yangu.

Ninaishi Portland, Maine, mwendo wa chini ya nusu saa kwa gari kutoka Prouts Neck, rasi ambako Homer alihamia mwaka 1883 na kufanya kazi mpaka alipofariki mwaka 1910. Katika mji huu Kiswahili hukikosi. Utakisikia kwenye basi, kanisani, kwenye foleni ya duka la vyakula, na zaidi ni Kiswahili cha Kongo. Rafiki yangu ninayemzungumzia ni mtu wa Uvira. Amenizidi miaka kumi na miwili, kwa hiyo namwita kaka na yeye ananiita mdogo wangu. Tunafanya kazi zamu moja. Yeye alivua ndakala Ziwa Tanganyika kwa taa tangu utoto. Mimi nimekulia Tanga, nikipanda ngalawa ya mjomba siku za likizo, jambo linalonipa haki ya kujua majina ya vifaa na si zaidi.

Kwa mtu wa Tanga, ukungu ni wa Lushoto. Ni kitu cha milimani, cha asubuhi, cha sweta na chai. Bahari yetu ni ya joto na maneno yetu ya hofu ni mengine: kusi, dhoruba, tufani. Pwani ya Maine mambo ni tofauti. Majira ya joto upepo wa kusini huleta hewa yenye unyevunyevu, hewa hiyo ikapita juu ya maji ambayo bado ni ya baridi, na unyevu wake ukaganda kuwa wingu linalotambaa usoni mwa bahari. Jua linaweza kuwa linawaka kilomita mbili tu kutoka hapo ulipo na wewe huoni ncha ya chombo chako.

Tulitoka Jumamosi moja ya Julai, saa kumi na moja alfajiri, tukishusha kayaki mbili za plastiki kwenye mlango wa mto Scarborough. Maji yalikuwa yanakupwa, yakatutoa nje bila jasho. Rasi ya Prouts Neck tuliiona vizuri upande wetu wa kushoto, na nyumba zake kubwa za matajiri, na mbele visiwa viwili, Stratton na Bluff. Tulikuwa tunamtafuta straipa, samaki mwenye milia myeusi ubavuni ambaye hufuata vibua kando ya pwani hii. Chambo chetu kilikuwa vibua hai, kwa ndoana ya duara kama sheria inavyotaka. Sheria hiyo pia inaruhusu samaki mmoja kwa mtu kwa siku, na awe na urefu wa inchi 28 hadi 31. Akipungua au akizidi, anarudi majini.

Visiwa ndivyo vilivyoondoka kwanza. Sikuviona vikiondoka. Niligeuka kuangalia kibua wangu, nilipoinua macho Bluff hakikuwepo, kisha Stratton nacho hakikuwepo. Kaka aliviona. Alisogea karibu na kayaki yangu akasema, "Mdogo wangu, tugeuke."

Nikamwambia, "Dakika tano tu, kaka."

"Samaki iko, hata kesho iko. Sisi je?"

Wakati huohuo mshipi wangu ukaanza kukimbia.

Kayaki ni nyepesi na straipa mkubwa anaweza kuiburuta. Alinivuta kuelekea bahari kuu na sikujali, niseme kweli, nilifurahi kama mtoto. Sijui alinivuta kwa muda gani. Nilipomfikisha ubavuni na kumpima kwenye kipimo kilichobandikwa kwenye chombo alikuwa inchi 34. Nikamtoa ndoana, nikamshika mkia kwenye maji mpaka aliporudiwa na nguvu, akaenda. Ndipo nilipoinua kichwa. Hapakuwa na rasi, hapakuwa na nyumba, hapakuwa na kayaki ya pili.

Hapa nina ugomvi wa kwanza na mchoro wa Homer, ingawa ni mdogo. Ukungu wake uko mbali. Una umbo, una kingo, unaonekana kama mlima. Huo ni ukungu wa mtu aliye nje yake. Ukiwa ndani hauna umbo hata kidogo, na jicho, ambalo ndilo mali ya mchoraji, halina kazi. Kinachobaki ni sikio, na sikio nalo linadanganya. Nilisikia mawimbi yakivunjika kwenye mwamba mbele yangu, kisha nyuma yangu, kisha pande zote. Simu ilikuwa kwenye mfuko usiopitisha maji, na kwa vidole vilivyolowa na kutetemeka kioo chake hakikunitii. Mwenye kayaki hutazama mbele, tofauti na mpiga makasia wa Homer. Nilidhani siku zote kuwa hiyo ni nafuu. Asubuhi ile haikuwa na tofauti yoyote.

Kisha nikasikia filimbi. Mara tatu, kimya, mara tatu tena. Nilipiga kafi kuelekea huko, nikaipoteza, nikasimama, nikaisikia tena ikiwa zaidi upande wa kulia. Ilichukua muda mrefu. Nilipomfikia nilimkuta amelishika boya la mtego wa kambakoche kwa mkono mmoja. Maeneo yale yamejaa maboya hayo, na kila moja limefungwa kwenye mtego uliolala chini. Alikuwa amelishika ili mkondo usimsogeze, ili sauti yake itoke mahali pamoja. Alikuwa na dira shingoni. Angeweza kuwa ufukweni zamani akinywa chai ya chupa. Hakuniambia neno. Alinionyesha dira, akaanza kupiga kafi, nami nikamfuata nikiwa karibu kiasi cha kugusa chombo chake mpaka kayaki zikakwaruza mchanga.

Wiki mbili baadaye niliandika simulizi ya asubuhi ile. Ilikuwa na kurasa sita. Ilikuwa na ukungu, na samaki, na mimi. Niliandika nilivyopotea, nilivyotulia, nilivyosikiliza, nilivyorudi. Filimbi ilikuwemo, ila ilikuwa "sauti ya filimbi" tu, kana kwamba bahari ndiyo iliyoipuliza. Sikukusudia kumfuta mtu. Nilipokuwa naandika ilionekana kila alipoingia yeye sentensi zinapungua uzito. Mtu mmoja kwenye ukungu ni simulizi. Watu wawili, mmoja akiwa na dira, ni ajali iliyoepukwa kwa busara ya mmoja na upumbavu wa mwingine, na mwingine huyo alikuwa mimi.

Nilimsomea kwenye gari, wakati wa mapumziko ya zamu ya usiku. Alisikiliza mpaka mwisho. Alicheka pale nilipotaka acheke. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa, "Na mimi nilikuwa wapi?"

Basi nilipokwenda Boston, swali lilikuwa tayari limo mdomoni. Na mchoro wa Homer, ukiuulizwa, unalo la kujibu.

Katika uvuvi wa halibuti wa merikebu za Gloucester kwa kawaida dori moja ilibeba watu wawili. Kazi yenyewe ilidai hivyo: kamba ndefu zenye ndoana nyingi, samaki wakubwa, mmoja avute na mwingine alinde chombo. Homer hakuwa mgeni wa jambo hili. Mwaka huohuo wa 1885 alichora Lost on the Grand Banks, dori nyingine iliyopotea kwenye ukungu, na ndani yake kuna wavuvi wawili. Katika The Herring Net, wa mwaka huohuo, wawili wanavuta wavu wa samaki. Kwa hiyo pale kwenye Onyo la Ukungu, mwenzake huyu mvuvi hakusahauliwa. Alitolewa.

Namwelewa aliyemtoa. Mchoraji hakula kiapo cha kuandika taarifa ya bandari. Inasimuliwa kwamba aliyemkalia ili amchore alikuwa jirani yake wa Prouts Neck, kwenye dori iliyoegemezwa juu ya tuta la mchanga. Yule mvuvi wa bahari kuu alikuwa nchi kavu, hatua chache kutoka nyumbani kwake, na nguvu ya mchoro haipungui kwa kulijua hilo. Kumtoa mtu wa pili ni uamuzi wa aina hiyohiyo. Ungemweka, macho ya mtazamaji yangegawanyika, yangetafuta wanachoambiana. Akiwa peke yake, shingo ile iliyogeuka inabeba kila kitu.

Kuna pia anayeweza kunijibu kwamba mtu wa pili ni sisi, tunaotazama. Tumewekwa chini, usawa wa maji, karibu kabisa na mashua. Nimelifikiria jibu hilo na sijalikubali. Mwenzako kwenye dori ni yule ambaye ukizama anazama. Mimi nilikuwa kwenye chumba chenye joto la kupendeza, na mlinzi mlangoni, na tiketi ya basi la kurudi mfukoni. Huo si ushirika.

Tatizo si la mchoro mmoja. Ni la mazoea ambayo mchoro huu umeyapa sura nzuri mno. Miaka miwili kabla yake, Januari 1883, mvuvi wa Gloucester aitwaye Howard Blackburn alitenganishwa na merikebu yake kwa dhoruba ya theluji karibu na Newfoundland. Aliacha mikono yake igande ikiwa imekunjwa kwenye makasia ili aendelee kupiga, na siku ya tano alifika nchi kavu. Alipoteza vidole vya mikono yote miwili, akawa shujaa wa mji, na baadaye akavuka Atlantiki peke yake kwa tanga. Dori ile ilikuwa na watu wawili. Wa pili aliitwa Thomas Welch. Alikufa humohumo, na Blackburn akaendelea kupiga makasia akiwa na maiti ya mwenzake. Masimulizi humtaja Welch, lakini humtaja kama sehemu ya mzigo ambao Blackburn aliubeba. Saa alizopiga makasia yeye na maji aliyochota kabla hajashindwa, hayo si rahisi kuyakuta.

Hata Homer mwenyewe amesimuliwa hivyo. Tunaambiwa kuhusu mpweke wa Prouts Neck, mtu asiyeoa, asiyependa wageni, uso kwa uso na bahari. Ni kweli aliwakwepa wageni. Lakini rasi ile baba yake na ndugu zake walikuwa wameinunua kwa sehemu kubwa ili wauze viwanja vya nyumba za majira ya joto, na studio yake ilikuwa banda la magari ya farasi la nyumba ya familia lililosogezwa kando kidogo. Nyumba za matajiri nilizoziona kutoka kwenye kayaki zimeanzia kwenye mradi huo. Upweke ule ulikuwa na shemeji jirani.

Sisi tunaoandika mambo ya kweli tuko mahali pagumu kuliko mchoraji. Yeye akimtoa mtu, amepanga picha. Mimi nikimtoa mtu na kuendelea kusema "hivi ndivyo ilivyokuwa", nimekula mgawo wa mwenzangu. Neno mgawo nimelitumia kwa makusudi. Katika dori yale mapato yalihesabiwa na kila mtu akapata chake. Katika simulizi mapato ni kuonekana, na mwandishi ndiye mwenye mizani. Ni rahisi sana kujipimia.

Mbinu ya kumwacha mtu mmoja kwenye ukungu haikosi thamani. Kuna saa ambapo mtu yuko peke yake kweli, na zile dakika kati ya kumwachia samaki na kuisikia filimbi zilikuwa zangu mimi tu. Kosa langu lilikuwa kuzinyoosha zikajaza kurasa sita. Kwetu wanasema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Nilikuwa nikiisikia methali hiyo kama onyo kwa mtu anayezurura. Sasa naisikia kama habari ya chombo: tezi na omo ni sehemu za kwenda na kurudi, na katikati kuna mahali ambapo wote mliomo mnakutana, mpende msipende.

Niliporudi kutoka Boston nilimwonyesha kaka mchoro kwenye simu. Hakuuliza ni wa nani wala wa mwaka gani. Aliukuza kwa vidole viwili, akaanzia kwenye samaki, kama ambavyo ningependa watazamaji wote waanze. Akasema ni samaki wazuri. Kisha akasogeza picha mpaka mbele ya mashua, pale ilipoinuka juu ya wimbi, akatikisa kichwa.

"Ona, mdogo wangu. Uzito yote iko nyuma. Huku mbele kulikuwa kunapaswa kukaa mtu."

Akanirudishia simu, tukaingia kazini. Simulizi yangu ya kurasa sita sasa ina kurasa tisa, na bado haijaisha, kwa sababu kuna mambo ya upande wake wa ukungu ambayo sina budi kumuuliza: alikaa pale kwa muda gani, na mkono ulioshika boya ulikuwa upi, na kama kuna wakati alifikiria kuliachia.